Ukifika Dar es Salaam, Ingia Bustanini

Hapa kwetu Njombe mtu akisema, "Nakwenda bustanini," tunajua anakwenda bondeni, kwenye kinyungu chake. Huko kuna kabichi, vitunguu, maharage na mahindi ya kiangazi. Bustani ni jembe na ndoo ya maji. Bustani ni mboga ya jioni na fedha za sare za watoto.

Katika miji mikubwa kuna bustani ya aina nyingine. Bustani hiyo ina miti mikubwa, maua, ukoka uliokatwa vizuri, na vijia vya kupita kwa miguu. Ina wafanyakazi wanaofagia na kumwagilia maji kila siku. Lakini hakuna anayevuna. Watu huingia, hukaa kimya, hutazama miti, kisha huondoka mikono mitupu.

Mkulima akiona jambo hili kwa mara ya kwanza hushangaa. Huuliza: "Ardhi nzuri kama hii, kwa nini wasipande mahindi?" Swali hilo si la kijinga. Linastahili jibu. Basi, ndugu msomaji, tuitazame bustani moja ya namna hiyo. Inaitwa Bustani ya Mimea, nayo iko katikati ya jiji la Dar es Salaam.

Nani atafika huko?

Labda unasema, "Mimi ni mtu wa kijijini, Dar es Salaam nitafuata nini?" Lakini hesabu watu wa kijiji chako waliokwenda huko miaka ya karibuni. Wako waliopeleka viazi na mbao. Wako waliokwenda kumwona mtoto aliyeajiriwa. Na wako wengi waliokwenda kuuguza.

Hao wa mwisho ndio ninaowafikiria zaidi ninapoandika habari hii. Wagonjwa wa saratani kutoka mikoa mingi hupelekwa katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Matibabu ya mionzi hayamaliziki kwa siku moja. Mara nyingi mgonjwa hutibiwa siku tano kila wiki, kwa wiki kadhaa. Mama au dada aliyekuja naye hubaki jijini muda wote huo. Asubuhi anampeleka, anangoja, jioni anarudi naye. Hana shamba la kulima, hana kuni za kukata, hana jirani wa kuzungumza naye. Anakaa ukutani na mawazo yake.

Hospitali hiyo iko upande wa bahari, karibu na Ikulu. Bustani ya Mimea iko upande huohuo wa mji. Kutoka hospitali hadi bustanini ni mwendo mfupi wa miguu. Watu wengi wa kwetu hukaa pale mwezi mzima bila kujua kwamba karibu nao kuna kivuli, benchi na ukimya.

Njia ya kufika

Tuanze safari Makambako, penye upepo, maana hapo ndipo barabara ya Songea na Njombe inapokutana na barabara kuu ya kutoka Mbeya. Kutoka Njombe mjini hadi Makambako ni kilomita 60 hivi. Kutoka Makambako hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600.

Makambako pia kuna stesheni ya reli ya TAZARA. Reli hii ilijengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, nayo ina urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Ukitaka kusafiri kwa treni, uliza kwanza stesheni. Treni ya abiria haipiti kila siku.

Wengi husafiri kwa basi. Basi hupita Mafinga, huacha Iringa mlimani, huteremka Kitonga penye kona kali, kisha hupita katika Hifadhi ya Mikumi, ambako unaweza kuona twiga na swala bila kulipa kitu. Baadaye ni Morogoro na Chalinze. Utahisi joto linapanda kidogo kidogo. Vua koti. Ule ubaridi wa Njombe wa mwezi wa sita umeuacha nyuma.

Mabasi ya mikoani huishia katika kituo cha Magufuli, Mbezi Luis. Hapo bado uko mbali na katikati ya mji. Panda gari la kwenda Kimara, halafu panda basi la mwendokasi linalokwenda Kivukoni. Mwambie abiria mwenzako: "Naomba unijulishe tukifika Posta ya Zamani." Ukishuka hapo utaona kanisa la Azania Front lenye mnara na paa la vigae vyekundu. Kanisa hilo la Kilutheri lilijengwa wakati wa Wajerumani. Uliza Sanamu ya Askari. Kila mtu anaijua.

Sanamu hiyo iko katikati ya njia, ni askari Mwafrika mwenye bunduki. Iliwekwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, wakiwemo wapagazi. Simama uisome. Maneno yake yameandikwa kwa Kiswahili pia.

Kutoka kwenye sanamu, fuata barabara ya Samora. Barabara hiyo imepewa jina la Samora Machel, Rais wa kwanza wa Msumbiji, aliyefariki mwaka 1986. Nenda mbele ukielekea upande wa Ikulu. Shika mfuko wako vizuri, na simu usiitembeze mkononi, maana wapo vijana wa pikipiki wanaonyakua. Baada ya dakika chache maduka na majengo marefu yatapungua. Utaona miti mikubwa. Hapo umefika.

Mlangoni

Watu wa vijijini mara nyingi huogopa mahali pazuri. Wakiona ua uliokatwa sawasawa na njia iliyofagiwa, hudhani ni kwa mkubwa fulani. Hupita wakichungulia tu. Bustani hii si ya mtu binafsi. Ni ya umma. Wewe ni umma.

Basi ingia mchana, kwa adabu. Ukimkuta mlinzi au mtunza bustani, msalimie kama unavyomsalimia mtu yeyote aliye kazini. Kama ni mzee, mpe shikamoo. Mwambie, "Mimi ni mgeni kutoka Njombe, naomba kupumzika na kuangalia miti." Muulize kama kuna kiingilio na saa ya kufunga. Muulize pia kuhusu kupiga picha. Na usielekeze simu yako upande wa Ikulu au kwa askari. Hilo litakuletea maswali ambayo hukuyafuata.

Halafu tembea polepole. Usikanyage maua. Usivunje tawi ili upate mche. Usitupe ganda la ndizi.

Kimya kikoje?

Dar es Salaam ni mkoa mdogo wenye watu wengi. Katika sensa ya mwaka 2022 ulikuwa na watu 5,383,728. Mkoa wetu wa Njombe ulikuwa na watu 889,946. Lakini ardhi ya Njombe ni kubwa kuliko ya Dar es Salaam karibu mara kumi na tano. Sisi tukitaka ukimya tunatembea dakika kumi tu, tumefika kwenye miti ya paini. Mtu wa Kariakoo au Manzese atembee wapi? Kila upande kuna honi, redio, wauzaji wanaoita, na injini za bodaboda.

Ndiyo maana jiji huacha kipande cha ardhi bila kukijenga. Miti hupunguza joto. Majani yake hutoa unyevu hewani, kama nguo mbichi inavyopooza mahali ilipoanikwa, na kivuli huzuia jua lisichome ardhi. Chini ya miti mvua huzama ardhini, badala ya kukimbilia mitaroni na kujaza barabara. Na miti huweza kupunguza makelele kidogo. Ukiingia ndani, mbali na barabara, sauti ya magari hupungua.

Utawakuta watu. Mwanafunzi anasoma daftari lake. Karani amekaa na chakula chake cha mchana. Mwisho wa wiki huenda ukawakuta maharusi wakipigwa picha, na hapo kimya huwa kimekwisha kidogo. Kama ukisikia sauti kali, kama paka mkubwa analia, usishtuke. Huenda ni tausi. Ndege hao hufugwa Ikulu iliyo karibu. Manyoya yao ni mazuri kupita kiasi. Sauti yao Mungu hakuishughulikia sana.

Miti inayosomeka

Sasa tufike kwenye jambo linalomhusu hasa mtu aliyejifunza kusoma. Katika bustani ya mimea miti huwekewa vibao vya majina. Usitarajie kibao katika kila mti, maana vingine hufutika kwa jua na mvua. Lakini ukikiona, kisome. Huenda utaona maneno mawili ambayo si Kiswahili wala Kiingereza. Hayo ni majina ya Kilatini.

Kwa nini Kilatini? Fikiria mti mmoja tu. Mbena anauita hivi, Mkinga anauita vile, Mpangwa ana jina lake, na Mzaramo wa pwani ana lake. Hata ndani ya Ubena jina laweza kubadilika ukivuka mto. Wakitaka kuzungumza habari ya dawa au ya mbegu, watajuaje kama wanasema mti mmoja? Mtaalamu wa Sweden, Carl Linnaeus, alitoa kitabu mwaka 1753 ambacho ndani yake kila mmea ulikuwa na jina la maneno mawili. Neno la kwanza ni kama jina la ukoo. Neno la pili ni la mmea wenyewe. Mpaka leo wataalamu wa dunia nzima hufuata desturi hiyo.

Chukua mwati wetu, ule ambao maganda yake hutumika kutengenezea ngozi. Kwenye kibao utaandikwa Acacia mearnsii. Mti huo asili yake ni Australia. Mwegea, wenye matunda marefu yanayoning'inia kama mikate, huitwa Kigelia africana. Hata usipojua Kilatini, hilo neno la pili utalielewa.

Ndani ya Bustani ya Mimea iko miti ya kwetu na ya nchi za mbali. Mkrismasi una maua mekundu kama moto na asili yake ni Madagaska. Umeitwa hivyo kwa sababu huku kwetu huchanua karibu na sikukuu ya Krismasi. Mjakaranda una maua ya rangi ya zambarau na umetoka Amerika ya Kusini. Iko michikichi na minazi ya aina mbalimbali.

Utaona pia mitapo. Mtapo unafanana na mnazi mfupi wenye majani magumu, lakini si mnazi. Ukoo wake ni wa zamani sana. Ndugu zake waliota duniani wakati wa wale mijusi wakubwa ambao mifupa yao ilichimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913. Wakati huo hapakuwa na mtu duniani.

Bustani hii ina sifa pia ya kuwa na mnazi wa Shelisheli. Nitakaa kidogo hapa, maana mti huu una mambo. Jani lake ni pana kama upepeo mkubwa, si kama jani la mnazi wa kawaida. Kwa asili unaota katika visiwa viwili tu vya Shelisheli, vinavyoitwa Praslin na Curieuse. Mbegu yake ndiyo kubwa kuliko mbegu zote duniani. Moja yaweza kufikia kilo 20 au zaidi, yaani uzito wa debe la mahindi. Tunda huchukua karibu miaka sita au saba kukomaa mtini. Kama mtoto wako amezaliwa siku tunda lilipoanza, ataingia darasa la kwanza tunda likiwa ndiyo kwanza linakomaa. Kuna mti dume na mti jike, dume hauzai.

Zamani mbegu hizo zilikuwa zikiokotwa kwenye fukwe za mbali, zimeletwa na maji ya bahari. Watu hawakuujua mti wake. Wakafikiri unaota chini ya bahari, ndipo wakaziita nazi za bahari. Waliuziana kwa bei kubwa kwa sababu ya fumbo hilo.

Nani alipanda?

Bustani ilianza mwaka 1893. Wajerumani walikuwa wamefanya Dar es Salaam makao yao ya serikali miaka miwili kabla. Aliyeianzisha ni Profesa Stuhlmann, aliyekuwa mkuu wa kilimo wa serikali hiyo. Waliochimba mashimo na kubeba maji ni Waafrika. Majina yao hayakuandikwa kwenye vibao.

Lengo la kwanza halikuwa kupumzika. Ilikuwa bustani ya majaribio. Wakoloni walitaka kujua mazao gani ya biashara yataota hapa nchini ili wapate faida. Mwaka huohuo wa 1893 Mjerumani mwingine, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yakaenea mashamba ya mkonge yaliyovuta vibarua wengi, hata kutoka Njombe. Mwaka 1902 walifungua kituo kikubwa zaidi cha utafiti huko Amani, katika milima ya Usambara.

Kujaribu mbegu ni jambo jema. Kulazimisha watu ni jambo jingine. Watu walipolazimishwa kulima pamba ya serikali bila faida yao, hasira ikapanda. Hiyo ni sababu mojawapo ya Vita vya Majimaji, vya mwaka 1905 hadi 1907, ambavyo vilifika hadi Ubena. Kwa hiyo ukikaa chini ya mti mkubwa pale Dar es Salaam, ujue kwamba historia ya bustani ile inafika mpaka kwetu.

Baada ya muda majaribio yalihamia kwingine, na bustani ikabaki mahali pa kupumzikia. Pembeni yake iko Makumbusho ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1940. Uko pia Ukumbi wa Karimjee, ambamo Bunge letu lilikutana kwa miaka mingi. Majengo yamesogea karibu kila upande. Ardhi ya katikati ya jiji ni ghali mno, na kila mwenye fedha anaitamani. Kwa maoni yangu, bustani ambayo wananchi hawaingii ni rahisi kuuzwa kuliko bustani iliyojaa watu.

Je, huku kwetu?

Mtu aweza kusema hizi ni desturi za Wazungu. Sikubali. Wazee wa Kibena wameutunza msitu wa Nyumbanitu kwa matambiko. Hakuna anayeingia kukata kuni kama apendavyo. Watu huingia kwa adabu na kwa sauti ndogo. Na huko Makete, uwanda wa Kitulo hujaa maua wakati wa mvua, hata watu wakauita Bustani ya Mungu. Mwaka 2005 ukawa hifadhi ya taifa. Tofauti ni kwamba Kitulo hakuna aliyepanda kwa mistari wala aliyekata ua. Bustani ya mjini lazima itunzwe na mikono ya watu kila siku, la sivyo miaka michache tu inakuwa kichaka.

Kurudi na mbegu

Mkulima hawezi kuona mti mzuri bila kutamani mbegu. Usichume mwenyewe. Mwombe mtunza bustani, au nunua miche kwa wauzaji wa maua walioko kando ya barabara nyingi za Dar es Salaam. Lakini kabla ya kulipa, kumbuka unapoishi.

Mnazi utakufa Njombe. Usipoteze nauli yake. Mkrismasi nao ni mti wa joto. Usiku mmoja wa sakitu, ile baridi inayoganda kwenye nyasi mwezi wa sita na wa saba, utaunguza majani yote. Mjakaranda una nafuu. Ukishakuwa mkubwa huvumilia baridi kiasi, lakini mche mdogo haufai kuachwa wazi. Upande mwanzo wa mvua ili upate nguvu kabla ya kipupwe. Uchague mahali pa mteremko, si bondeni, kwa kuwa hewa ya baridi hushuka na kulala bondeni kama maji. Kuanzia mwezi wa sita uwekee vijiti vinne kuuzunguka na uufunike kwa nyasi kavu kila jioni. Asubuhi jua likitoka, funua. Fanya hivyo kwa miaka miwili ya kwanza.